Lundo la Mboji Nyuma ya Kantini

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa vitenge, godoro na hotuba ndefu. Godoro nimelielewa, maana yake nikalale. Hotuba ndizo zilizonikosesha usingizi, kwa sababu zilitaja vyeo nilivyopitia na semina nilizohudhuria, hata zile nilizosinzia ndani yake, lakini hakuna aliyelitaja lundo. Siwalaumu. Wengi wenu mlikuwa bado hamjazaliwa, na waliokuwa wamezaliwa walikuwa wanabebwa mgongoni. Basi nimekaa hapa barazani nawaandikia habari za lundo la mboji lililokuwa nyuma ya kantini ya ofisi zetu, na za watu waliolilisha, maana karibu yote niliyoyajua katika kazi ya afya na usafi niliyaokota pale. Vyeo mtavikuta masijala.

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini, Bibi Afya mbichi kabisa, nimeshuka kwenye treni ya Kaliua na sanduku la bati na macho yaliyojaa vumbi la njiani. Mimi ni Mnyiramba wa Singida, na huku sikuwa namjua mtu hata mmoja. Wilaya ilikuwa bado ya Mkoa wa Rukwa. Ukisema Katavi watu walielewa mbuga ya wanyama, basi. Nilipata chumba mtaa wa Makanyagio, na kazini nilikwenda kwa miguu kama kila mtu, kwa kuwa hizo bodaboda mnazopanda hata kwenda kununua nyanya hazikuwepo. Wiki ya kwanza viatu vyangu vyeusi vikawa vyekundu, na rangi yake ya dukani sikuiona tena.

Chuoni nilikuwa nimeota mambo makubwa. Nilijiona nimevaa koti jeupe, nakagua bucha na hoteli, wenye hoteli wananiogopa. Mkubwa wangu wa kazi, Bwana Kaspar, alikuwa Bwana Afya wa siku nyingi, Mbende wa hapahapa Mpanda, mtu wa suti ya kaunda na sauti ndogo. Asubuhi ya kwanza alinipokea, akaniuliza kama nimekunywa chai, kisha akanipeleka moja kwa moja nyuma ya kantini ya watumishi. Pale palikuwa na lundo lililonifika kifuani, limefunikwa kwa nyasi kavu. Akachukua ufito mrefu uliomenywa gome, ulioegemezwa ukutani, akanipa.

"Chomeka katikati," akasema.

Nikachomeka.

"Uache kidogo. Haya, sasa chomoa, uushike kwa mgongo wa mkono."

Niliushika, nikaurudisha mkono haraka. Ulikuwa wa moto kama mwiko uliotoka kwenye uji.

"Mzee, kuna moto humu ndani?"

"Hakuna moto. Ni wadudu wasioonekana kwa macho, wanakula. Wakila vizuri joto linapanda. Ufito ukitoka wa baridi ujue kuna mtu hajaleta fungu lake, basi umtafute."

Hiyo ndiyo ikawa semina yangu ya kwanza, na haikuwa na chai ya saa nne.

Kabla ya lundo, taka za ofisi zilikuwa zinachomwa. Mnajua wenyewe huku kwetu, kiangazi kikikolea kila mtu anashika kiberiti. Lakini maganda mabichi hayawaki, yanafuka tu, na moshi wake ulikuwa unaingia kwa wakubwa dirishani wakati wana wageni. Masika shimo la taka lilijaa maji, inzi wakawa wengi kuliko watumishi. Bwana Kaspar alichoka kusemwa majira yote mawili, akaamua kila kinachooza kioze kwa adabu, mahali pamoja. Mboji ilikwenda kwenye bustani ya mchicha ya kantini na kwenye miche ya miti kuzunguka ofisi. Ile mijohoro mikubwa mnayoegesha pikipiki chini yake ilikula maganda ya viazi ya watumishi wa miaka ile.

Lundo lilikuwa linategemea watu wawili. Wa kwanza alikuwa Mzee Masanja, mfagiaji na mtunza bustani, Msukuma mrefu mwenye mwendo wa taratibu. Ndugu zake walikuwa wamehamia huku na mifugo yao kutoka Shinyanga, kwa hiyo samadi haikutupa shida. Yeye alileta vyote vikavu: majani yaliyofagiwa, nyasi zilizofyekwa, na toroli la samadi. Wa pili alikuwa Mama Skolastika, mpishi wa kantini, Mfipa mnene mwenye kicheko kinachosikika hadi kwenye ofisi ya ardhi. Huyo alileta vyote vibichi: maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, mboga zilizonyauka, ugali ulioachwa na wanaojifanya wameshiba.

Kazi yangu ilikuwa kupanga. Majani makavu unene wa shibiri, maganda nusu yake, samadi kiasi cha kufunika, udongo wa juujuu wa kunyunyizia, halafu maji. Kipimo cha maji hakimo kwenye vitabu vyenu vya miradi. Unachota konzi ya mboji unaiminya. Ikitoa tone, inatosha, ikitiririka umeizamisha. Vikavu vikizidi lundo linalala tu, mwaka mzima unakuta majani yaleyale. Vibichi vikizidi linanuka, na wakubwa wanakuita. Makavu ya Masanja bila mabichi ya Mama Skolastika hayakuwa kitu, na mabichi yake bila ya Masanja yalikuwa balaa.

Mwezi wangu wa kwanza nilidhani watu hawa wanachukiana.

"Mfipa, leo umeleta maganda mengi namna hii, umepika kweli au umemenya tu?"

"Msukuma, wewe si mtu wa kuongea habari za chakula. Ng'ombe wako akipiga chafya unakesha naye. Mkeo akiugua unamwambia atembeetembee."

"Ng'ombe hana maneno, ndiyo maana. Halafu nimesikia unaenda Sumbawanga kusalimia. Usihangaike na basi. Nyie si mna ungo wa kuruka nao usiku? Unibebee na barua."

"Panda na wewe. Ila ungo wetu haubebi mtu anayenuka maziwa."

Nilikwenda kwa Bwana Kaspar na uso wa huruma, nikamwambia watumishi wake wanatukanana mbele ya kila mtu. Alicheka hadi akashika ukuta. "Hao ni watani," akasema. "Msukuma na Mfipa huku ni watani tangu babu zao. Siku ukiwasikia wanaheshimiana, ndiyo uje mbio." Na sisi Singida tuna watani wetu, lakini sikuwa nimewahi kuona utani unaofanya kazi ya serikali kuanzia asubuhi hadi saa tisa na nusu.

Kesi ngumu zilikuwepo. Mifupa ya nyama ilileta mbwa wa mji mzima, tukajifunza kuizika kando. Ile mifuko laini ya plastiki ilikuwa ndiyo inaanza kuzagaa madukani, na watumishi wasomi kabisa walifunga humo maganda ya machungwa wakatupa vyote pamoja, wakiamini lundo litafungua fundo lenyewe. Lakini iliyonipa somo ni kesi ya tumbaku. Mtumishi mmoja mwema, mwenye shamba, alituletea mzigo wa mabua ya tumbaku baada ya mavuno, akijua tunapenda vikavu. Tulishukuru, tukayatandaza. Msimu uliofuata nyanya za kantini zilikunjamana majani, yakawa na mabaka ya kijani na njano, matunda yakabaki kama gololi. Tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa tumbaku hausubiri kukaribishwa. Bwana Kaspar hakumgombeza mtu. Aliagiza mboji ile yote iende kwenye miti, na tangu siku hiyo tukaanza kuuliza kila jani limetoka shamba gani. Mkiwa na bustani maeneo ya tumbaku, muulize vilevile.

Sasa niwaambie habari za Mzee Tadei. Huyu alikuwa mume wa Mama Skolastika, fundi seremala aliyekwishaacha kazi. Kila mchana alikuja kantini kula. Alitembea ameweka mikono nyuma, shingo imeinama upande, kana kwamba anakagua barabara. Akifika dirishani alionja mchuzi, akauliza kwa sauti nzito, "Skola, leo chumvi imeenda likizo?" Na mkewe, bila kugeuka, alijibu, "Imerudi kwao Uvinza," kule inakotengenezwa chumvi. Kila siku ya kazi, maneno yaleyale. Baada ya kula, Mzee Tadei alikwenda kukaa na Masanja kwenye gogo karibu na lundo. Walikuwa wanaweza kukaa hadi adhana ya alasiri wakiwa wamezungumza maneno manne, wakaagana wamefurahi.

Kipupwe kimoja Mzee Tadei aliugua, na haikuchukua muda akafariki. Ofisi nzima tulikwenda msibani. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, tunachambua mchele. Uani, mbele ya wanaume waliokaa kwenye mikeka, niliona kiti kimewekwa peke yake, na juu yake koti la marehemu limekunjwa vizuri. Nilidhani limeanikwa. Masanja alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na ua, mikono katikati ya magoti, na machozi yanamtiririka bila sauti. Sikuwahi kumwona mwanaume mzima akilia vile, nami nikalia. Tukazika, tukanawa mikono, tukarudi kazini.

Mama Skolastika aliporudi baada ya msiba, Masanja alimkuta mlangoni mwa kantini. Nilikuwa karibu nikasikia.

"Mfipa, umerudi?"

"Shikamoo, Bwana Masanja," Mama Skolastika akajibu. "Nimerudi salama. Poleni na kazi."

Shikamoo! Walikuwa rika moja. Masanja alisimama na toroli lake kama mtu aliyepotea njia, akasema marahaba kwa sauti ya chini, akaenda.

Wiki zile ufito ulianza kutoka wa baridi. Nilidhani ni maji, nikapunguza. Nikadhani ni hewa, nikaligeuza lundo lote kwa koleo hadi mikono ikatoka malengelenge. Baridi. Kisha nikagundua maganda hayaji. Mama Skolastika alikuwa anayabeba kwenye karai hadi kule kwenye shimo la zamani, mbali uani, anayamwaga huko peke yake. Upande wa Masanja makavu yaliendelea kuja kila siku, lundo likawa refu na limekufa. Na kicheko cha kantini kilikuwa kimekoma, hata ofisi ya ardhi waliuliza.

Nilifanya kile nilichofundishwa. Nilimwambia Mama Skolastika, kwa heshima lakini kama Bibi Afya, kwamba taka zote zinazooza zinatakiwa kwenye lundo. "Sawa, Bibi Afya," akasema. Siku iliyofuata nilikuta maganda yako pale kando ya lundo, ndani ya ndoo iliyofunikwa, yamewekwa saa ambayo Masanja yuko upande wa mbele anafagia. Alitii kama mtu anayelipa kodi. Nikaenda kumshtakia Bwana Kaspar.

"Umeshika ufito?" akaniuliza.

"Nimeshika. Ni wa baridi."

"Basi hilo halipo tena kwenye lundo. Kaongee na watu."

"Nikaongee nini, mzee? Mimi ni mgeni."

"Ndiyo maana nakutuma. Mgeni akiuliza hakuna anayekasirika."

Na ni lazima niseme kwamba niliogopa. Sikuwa na ndugu mji ule. Wale wawili, kwa kelele zao, walikuwa wamenifanya nijisikie nina kwetu. Nilikuwa naamka asubuhi Makanyagio nikitamani kufika kazini kusikia nani ametukanwa leo. Ukimya ule uliniumiza mimi pia, kama mtoto ambaye wazazi wake hawasemezani.

Nilimkuta Mama Skolastika ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage. Nikakaa chini nikachambua naye. Tulipofika nusu ya ungo nikasema, "Mama, Mzee Masanja amekukosea nini?"

Hakuinua macho. "Hajanikosea. Ni mtu mwema. Alikuja akalia."

"Sasa?"

"Mwanangu, waliolia walikuwa wengi. Dada zangu walilia, watoto walilia, hata wewe uliyemfahamu juzi ulilia. Mimi nililala siku zile nimebanwa hapa." Akajigusa kifuani. "Nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu. Kwetu mzee akifa, mtani ndiye anayevaa nguo zake. Anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anagombana na wewe mfiwa kama alivyokuwa anagombana. Watu wanacheka, na wewe unacheka, na ukishacheka ndiyo kilio kinapata njia. Nilitoa koti kwenye sanduku kwa mikono yangu. Nikaliweka kwenye kiti, ili asitafute. Lilikaa pale hadi tukaenda makaburini, likakaa hadi tukarudi. Hakuligusa."

Akachagua jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Nimekaa naye miaka mingi namwita mtani. Kumbe siku ya siku alinijia kama jirani tu. Basi namheshimu kama jirani. Na mimi mpaka leo sijalia, kama unataka kujua."

Nilitoka pale nikaelekea kwenye lundo. Masanja nilimkuta kwenye gogo, peke yake, na hapo ndipo alipoanza kunipa habari yake kabla sijafungua mdomo. Alikuwa anaondoka. Kaka yake aliyeko Majimoto alikuwa ameongeza mashamba ya mpunga, na mifugo ilikuwa inahitaji mtu mzima wa kuaminika. Alikuwa amekwishaaga kwa wakubwa, na angeondoka kabla ya mvua za kwanza, kwa sababu zikianza njia ya kule inakatika.

"Umemwambia Mama Skolastika?" nikauliza.

"Nitamwambiaje? Ananiamkia shikamoo. Nadhani huzuni imemzidi, mimi namkumbusha mumewe. Nimeona nikae mbali."

Nikamwambia habari ya koti. Nilimweleza yote, hata lile la kutolia. Masanja alisikiliza akiwa ameinama, anachora chini kwa kijiti.

"Niliona lile koti," akasema mwishowe. "Nilikuja na maneno yangu tayari, nimeyapanga tangu njiani. Nikaliona pale kwenye kiti. Viwiko vyake bado vimekunjika, kama mkono wa Tadei umo ndani. Miguu ikagoma. Bibi Afya, mimi kwa Mfipa ni mtani, hilo sikatai. Lakini kwa Tadei nilishakuwa ndugu. Ndugu haigizi. Ndugu analia." Akakivunja kile kijiti. "Sikufikiria kwamba kuna mtu ananisubiri."

"Bado hujaondoka," nikasema.

"Utani wa msiba una siku yake. Ikipita, ukienda kumwigiza maiti wa watu kantini wakati mwenyewe anapika, huo tena ni utani au ni matusi?"

Tukaenda wote wawili kwa Bwana Kaspar, mtu wa busara, tukamweleza, tukamuuliza kama utani wa msiba unaweza kufanywa baada ya siku zake. Bwana Kaspar alifikiri sana, akaweka kalamu mezani.

"Sijui," akasema. "Mimi si mtani wenu."

Zikapita siku. Masanja alikabidhi reki, kwanja na toroli. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa kusini, hewa nzito, na lori lililokuwa lipeleke mizigo Majimoto lilikuwa liondoke kesho yake asubuhi. Mchana wa siku ile ya mwisho watumishi tulikuwa tumejaa kantini tunakula ugali na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Wakubwa walikuwa wamekwishasema maneno yao ya kumuaga. Mama Skolastika alikuwa amesema pia, maneno mazuri, ya heshima, "Tunamtakia Bwana Masanja safari njema na maisha marefu," na kila neno lilikuwa linaniingia kama mwiba. Masanja alikuwa ametoka nje. Nilifikiri amekwenda zake, na nilimlaumu moyoni, Mungu anisamehe.

Kisha nikaona watu waliokaa karibu na dirisha wanaacha kula.

Masanja alikuwa anakuja kutoka upande wa lundo. Hakuwa na koti la mtu yeyote. Alikuwa na shati lake na kofia yake ya kazi, lakini mikono ilikuwa nyuma, shingo imelala upande, na ule mwendo wake wa taratibu ulikuwa umekatika katika hatua fupifupi za mtu anayekagua barabara. Mtu mrefu yule alikuwa amepungua. Alifika dirishani, akachungulia sufuria, akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja. Akasema kwa sauti nzito:

"Skola, leo chumvi imeenda likizo?"

Kantini nzima hakuna aliyetafuna. Mama Skolastika alikuwa ametugeuzia mgongo, mwiko mkononi. Niliona mabega yake yamekakamaa. Niliwaza, sasa ama atamrushia mwiko, ama ataondoka na hatarudi tena kazini, na sisi watatu tutakuwa tumeharibu kila kitu. Masanja alibaki vilevile dirishani, mikono nyuma. Jasho lilikuwa linamshuka. Hakuacha.

"Imerudi," akasema Mama Skolastika bila kugeuka, na sauti ikamkwama. Akajaribu tena. "Imerudi kwao Uvinza."

Akacheka. Kile kicheko kilitoka chote, kama zamani, watu wakacheka naye, na katikati yake kikageuka kuwa kilio. Alilia ameshika meza ya jiko, akilitaja jina la mumewe, na wanawake tuliinuka tukamshika, tukamwacha alie. Alilia hadi ugali wa kila mtu ukapoa. Masanja alikuwa bado dirishani, sasa amesimama kwa urefu wake, hajui aweke wapi mikono.

Mama Skolastika alipomaliza alijifuta uso kwa kanga, akamtazama.

"Msukuma mshamba wewe," akasema. "Miezi yote hii ulikuwa unachunga wapi?"

"Nilikuwa natafuta ungo, Mfipa. Nilikosa usafiri."

"Na umeiga vibaya. Tadei hakuwa anaburuza mguu. Huyo ni ng'ombe wako uliyemwigiza."

"Basi nifundishe."

Mama Skolastika akatoka jikoni. Alipita katikati yetu hadi nje, uani, akajifunga kanga vizuri kiunoni. Akaweka mikono nyuma, akalaza shingo upande, akatembea. Nilikuwa nimemwona Mzee Tadei akitembea mara nyingi, lakini sikuwa nimemwona kama alivyokuwa anaonwa na mtu aliyempenda. Hatua fupi, kisigino kinagusa kwanza, kidevu kinainuka kidogo kila akipita mtu. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, hakuna anayecheka tena. Alitembea hadi kwenye gogo, mahali mumewe alipokuwa anakaa na rafiki yake. Akasimama hapo, akageuka, akamtazama Masanja, akamwambia kwa sauti nzito ya mumewe:

"Bwana wee, mimi sikukuaga. Nenda salama."

Masanja akavua kofia.

"Haya, mzee," akasema. "Na wewe."